Makala ya Waziri na Wenzake Thelathini

Nchi ninayoisimulia haina jina, kwa sababu jina lake bado linajadiliwa na kamati. Msomaji akiona inafanana na nchi anayoifahamu, basi ajue nchi hiyo ndiyo iliyotuiga, na mwanasheria wetu amekwisha kuarifiwa.

Mimi ni Karani wa Nukuu Daraja la Pili. Ni kazi ya heshima. Nakaa dirisha namba nne katika Idara ya Taifa ya Nukuu, na kila makala ya utafiti inapotajwa ndani ya maandishi mengine, nahesabu moja, nagonga muhuri, nasonga mbele. Makala zenyewe sizisomi. Kanuni hairuhusu karani kusoma, maana karani anayesoma huchelewa kuhesabu.

Idara yetu ilizaliwa baada ya Mkuu wa Nchi kuhudhuria mkutano ng'ambo. Wakati wa chakula aliketishwa karibu na mkuu wa nchi nyingine, na huyo, huku akimenya chungwa, akamwambia kwamba watafiti wake walinukuliwa mara milioni mbili mwaka uliopita. "Na wa kwako?" akauliza. Mkuu wetu akamgeukia msaidizi. Msaidizi akatoka nje kupiga simu, akarudi na kunong'ona: kumi na moja, na nne kati ya hizo ni barua za malalamiko. Tuliambiwa Mkuu hakumaliza samaki wake.

Aliporudi, palepale uwanja wa ndege, akatangaza Mapinduzi ya Nukuu. Tangu siku hiyo mtu hupandishwa cheo kwa nukuu na hushushwa kwa nukuu. Hospitali zote hufuata makala iliyonukuliwa kuliko nyingine, na muuguzi anayetibu kwa jambo lisilonukuliwa hushtakiwa kwa kucheza na afya ya umma. Wananchi walilipokea agizo kwa moyo mkunjufu. Haikupita miezi mitatu, kadi za harusi zikawa na orodha ya marejeo nyuma. Hakimu mmoja alimfunga mwizi wa kuku kwa kunukuu utafiti wa figo. Mama lishe wa nyuma ya ofisi yetu aliandika kwenye ubao wake, "Wali maharage (tazama Waziri na wenzake)," nami nilipokwenda kula nikalazimika kurudi ofisini na ubao kwapani ili niuhesabu.

Huyo "Waziri na wenzake" ndiye fahari yetu. Ni makala moja ya tiba, ya ukurasa mmoja, ambayo hadi naandika haya imenukuliwa mara elfu arobaini na moja. Ili niieleze inanibidi nimtaje Daktari Sikudhani Mlowe. Naomba radhi mapema, kwa sababu jina lake haliruhusiwi kutajwa karibu na makala hiyo.

* * *

Daktari Mlowe alikuwa wodi ya watoto katika hospitali kuu. Mwanamke mfupi, wa sauti ya taratibu, mwenye tabia ya kumaliza sentensi zake, tabia ambayo wizarani kwetu imewaponza wengi. Kwa miaka saba alichunguza homa ya shingo. Huo ni ugonjwa unaomkakamaza mtu shingo asubuhi, na asipotibiwa, kesho yake watu wanachimba kaburi. Dawa yake ipo: sindano iitwayo rusamini. Tatizo ni kwamba watoto wadogo waliopona walitoka wodini wakiwa viziwi, na kila mtu alisema ni homa imekula masikio.

Yeye hakukubali. Alikaa na watoto mia sita na arobaini, mmoja mmoja, akapima, akaandika, akarudia. Mwishowe akajua kwamba homa haina kosa. Kosa ni wingi wa sindano. Mtu mzima apewe chupa nzima asubuhi na chupa nzima jioni. Mtoto wa chini ya miaka mitano apewe robo chupa, mara moja tu kwa siku. Atapona vilevile na masikio yake yatabaki.

Akaandika makala yenye jedwali dogo la mistari miwili. Mstari wa kwanza ulisema: *Mgonjwa: chupa moja asubuhi, chupa moja jioni, siku kumi.* Wa pili ulisema: *Isipokuwa mtoto wa chini ya miaka mitano: robo chupa mara moja kwa siku.* Mstari wa kwanza ulikuwa unajulikana na kila muuguzi tangu enzi. Miaka saba yote ya Daktari Mlowe ilikuwa ndani ya ule wa pili.

Akaipeleka kwenye Jarida la Taifa la Tiba.

* * *

Jarida letu lina utaratibu wake, na ni utaratibu mzuri. Kila makala lazima itoshe ukurasa mmoja, ili iweze kutiwa kwenye fremu na kutundikwa katika kila zahanati nchini. Fremu zilichongwa kwanza, kwa wingi, kabla hata jarida halijaanza. Pili, utafiti unaofanyika ndani ya wizara ni wa wizara nzima. Kwa hiyo Waziri hutangulia, kisha Naibu, kisha Katibu Mkuu, kisha wakurugenzi kwa kufuata ukubwa wa ofisi zao, na aliyefanya utafiti hufunga mlango.

Mhariri Mkuu, Bwana Gervas Tindwa, mpole sana, aliyesomea uchapaji wa kalenda, alinieleza mwenyewe jinsi alivyohangaika. Waandishi walikuwa thelathini na mmoja. Waziri peke yake, yaani Mheshimiwa Profesa Daktari Jenerali Mstaafu Lubango Sekwao, alichukua mstari mzima na kuvuka. Namba kumi na tisa ilikuwa ya Mkurugenzi wa Kinga, ila kiti hicho hakikuwa na mtu wakati huo, na kwa kuwa ukubwa wa ofisi haupotei kwa kukosa mtu, karani wa kumbukumbu aliandika kilichokuwa kwenye orodha: Bwana Nafasi Wazi.

"Nilipunguza herufi," Bwana Tindwa aliniambia. "Nikabana mistari. Nikatoa shukrani kwa wagonjwa, maana wagonjwa hawana cheo. Ikatosha! Nikashusha pumzi. Mara simu: Katibu Mkuu kapewa udaktari wa heshima asubuhi hiyo. Nikaongeza 'Daktari' mbele ya jina lake, jina likasukuma jina, na mstari mmoja ukadondokea chini ya fremu."

"Ukafanyaje?"

"Nikatoa uliokuwa chini kabisa. Ningetoa upi mwingine?"

Uliokuwa chini kabisa ulikuwa mstari wa pili wa jedwali.

Makala ikachapwa, ikatiwa kwenye fremu, ikapigiliwa misumari zahanati mia tisa. Kwa kuwa ilikuwa na Waziri mbele, kila aliyetaka kupanda cheo aliinukuu. Wataalamu wa barabara waliinukuu. Chama cha wafuga nyuki kiliinukuu mara mbili. Na wauguzi, waliokuwa wakipunguza kidogo dawa ya watoto kwa huruma tu bila kujua sababu, sasa waliona ukutani neno "Mgonjwa" bila "isipokuwa", wakaacha mchezo, wakatoa chupa nzima asubuhi na chupa nzima jioni kwa mtoto wa miezi kumi.

* * *

Daktari Mlowe alikuja dirishani kwangu Jumanne moja saa nne asubuhi, jarida mkononi.

"Hongera, Daktari," nikamwambia. "Tumefika elfu tisa."

"Kuna mstari umetoka."

"Umetoka wapi?"

"Kwenye jedwali. Mstari wa watoto. Wiki iliyopita nimepokea watoto kumi na wawili kutoka wilaya moja, Bwana Karani. Wote wamepona. Wote hawasikii."

Nikampa pole, kwa dhati. Kisha nikamweleza kwamba dirisha langu ni la kujumlisha. La kusahihisha ni namba kumi na mbili, mwisho wa ukumbi. Akaenda. Akarudi.

"Lile dirisha limechorwa ukutani," akasema.

Ni kweli. Siku ya ufunguzi wa jengo rangi ilikuwepo na vioo havikuwepo, na mgeni rasmi alikuwa njiani. Nikajikuna kichwa, nikamwonea huruma, nikamtafutia fomu ya kusahihisha kutoka kabatini, ingawa si kazi yangu. Fomu ilitaka jambo dogo tu: saini za waandishi wote.

Akazunguka nayo miezi mitatu. Wengi walisaini bila kusoma, wakidhani ni fomu ya semina. Wawili walikuwa wamefariki, akapata barua za familia. Mmoja alikuwa balozi nchi ya mbali, akamfuata kwa posta. Zikabaki saini mbili: ya Waziri na ya Bwana Nafasi Wazi.

Huyu wa pili alikuwa amepanda. Kwa nukuu zake zisizo na doa alikuwa ameshapewa uprofesa, ofisi ghorofa ya tano, na katibu muhtasi. Daktari Mlowe alipanda ngazi mara sita kumtafuta.

"Profesa yuko kikaoni," katibu muhtasi alimjibu kila mara.

"Dada, huyo mtu hayupo. Unajua hayupo."

"Ndiyo maana nakwambia yuko kikaoni, Daktari. Ukitaka uache ujumbe."

* * *

Wakati fomu inazunguka, Daktari Mlowe hakukaa bure. Aliandika barua. Aliliandikia jarida, akayaandikia magazeti, akaziandikia zahanati mia moja na arobaini kwa mkono wake, akisema: makala ya Waziri na wenzake ina upungufu, mtoto apewe robo. Barua zote, kwa mujibu wa sheria, zilipitia kwangu kwanza, maana ziliitaja makala. Nami nikazihesabu. Mia moja na arobaini kwa mpigo! Siku hiyo nilipewa cheti cha karani wa mwezi, na yeye akatumiwa barua ya pongezi kutoka wizarani kama Mhamasishaji Bora wa Nukuu. Barua zenyewe, baada ya kuhesabiwa, huhifadhiwa. Hazipelekwi. Hakuna aliyewahi kusema zipelekwe.

Nilimwita pembeni nikamshauri kama ndugu. "Daktari, kila ukiisema unaikuza. Ukitaka ishuke, usiitaje."

"Nitasemaje kuwa ina kosa bila kuitaja?"

Nilifungua kitabu cha kanuni nikatafuta. Nilitafuta kweli. Sikuona.

"Basi zihesabu," akasema. "Lakini walau moja uisome."

Nikamkumbusha kwamba karani haruhusiwi kusoma. Akaniangalia kwa muda. Sikupenda namna alivyoniangalia, na nilimkasirikia mpaka jioni, hasira ya mtu aliyeshikwa mahali penyewe.

Wakati huohuo wasomi wengine waligundua kwamba nchi ina ugonjwa mpya. Zilichapwa makala nane kuhusu Ukiziwi wa Ghafla wa Watoto, chanzo kisichojulikana. Mmoja alisema ni kelele za redio. Mwingine alisema ni ukimya wa wazazi. Zote nane zilianza kwa kumnukuu Waziri na wenzake, wataalamu wetu wakuu wa afya ya mtoto.

* * *

Hatimaye Waziri akakubali kumsikiliza. Niliitwa na daftari langu kama shahidi wa hesabu, kwa hiyo niliyasikia yote. Walikuwepo Katibu Mkuu, wakurugenzi, Bwana Tindwa na rula yake, na kiti kimoja kitupu chenye kibao cha Profesa Nafasi Wazi, ambacho kilipewa chai.

Daktari Mlowe alisema kwa dakika nne. Hakupamba. Alisema idadi ya watoto aliowaona mwenyewe: mia tatu na sita. Alisema wangapi walikuwa wameshaanza kuongea na sasa wananyamaza kidogo kidogo, neno moja moja, kwa sababu hawalisikii tena. Aliomba mstari mmoja.

Waziri akasimama. Waziri wetu hawezi kujibu ameketi.

"Daktari," akasema, "mimi nimenukuliwa mara elfu thelathini na nane. Nakuuliza, na nauliza historia: ni nani amewahi kunukuliwa mara elfu thelathini na nane huku akikosea? Nukuu ni kura ya wasomi. Wasomi wamepiga kura. Leo wewe unataka tubatilishe uchaguzi kwa sababu ya mstari?"

"Sitaki kubatilisha kitu, Mheshimiwa. Nataka uongezwe mstari uliokatwa."

"Uongezwe wapi?"

Hapo Bwana Tindwa akainuka, akaweka ukurasa mezani, akapima. Ukurasa ulikuwa umejaa. Ili mstari wa watoto urudi, mstari mmoja wa majina ulipaswa kutoka. Karatasi ya pili haikuwezekana. Fremu ni za karatasi moja, na zimeshapigiliwa misumari.

Kila mkurugenzi alimtazama aliye chini yake. Katibu Mkuu akasema udaktari wake wa heshima hauwezi kurudishwa, maana kadi zimeshachapwa. Mkurugenzi wa Usafiri akasema yeye angetoka kwa moyo mweupe, ila wazazi wake wangeumia. Mtu mmoja alithubutu kumtaja Profesa Nafasi Wazi, wengi wakaguna, kwamba si ungwana kumsema mtu ambaye hajafika.

"Toeni jina langu," akasema Daktari Mlowe.

Jamani, watu walipiga makofi! Waziri alitoa leso. Alisema huo ndio uzalendo, kwamba mtafiti amejifuta ili taifa liandikwe, na maneno hayo yakaingizwa kwenye kumbukumbu za kikao. Karatasi ikaletwa, akasaini kujiondoa, Waziri akasaini, mimi nikagonga muhuri. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi kwa ajili yake na kwa ajili ya wale watoto, nikamtabasamia.

Kisha Bwana Tindwa akapima tena. Mstari wa majina ulikuwa sentimita kumi na saba. "S. Mlowe", bila cheo chochote mbele, ilikuwa sentimita mbili.

"Hautoshi," akasema kwa upole.

"Basi rudisheni jina langu, nikaombe upya," akasema Daktari.

Katibu Mkuu akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kanuni ya sita: asiye mwandishi wa makala haombi sahihisho la makala. Akafunga kitabu. Alionekana kusikitika, kwa kweli wote walisikitika. Waziri aliagiza chai iongezwe.

Daktari Mlowe hakulia. Aliweka mikono mezani kana kwamba anaizuia meza isiondoke, akasema, "Mheshimiwa, mimi nimekwisha. Sawa. Lakini kesho asubuhi kuna mtoto ataamshwa achomwe sindano, na nyinyi hapa mnajua. Sasa hivi mnajua wote."

"Tunajua," akasema Waziri kwa sauti nzito, "na tunalifanyia kazi."

* * *

Mtafiti asiye na nukuu si mtafiti. Wiki iliyofuata aliondolewa wodini, leseni ikachukuliwa, akapangiwa stoo ya bandeji, akakataa, akaondoka. Nilisikia amepanga nyumba karibu na kiwanda cha magodoro, na kwamba wazazi wanampelekea watoto wao. Nikasikitika kwa kadiri daraja langu linavyoruhusu. Wizara ilijenga Shule ya Watoto Viziwi ya Lubango Sekwao, ikafunguliwa kwa kwaya, na hotuba ya ufunguzi ilikuwa na nukuu sita.

Mpaka hapa nimesimulia kwa furaha, kama nilivyoagizwa tangu nilipoajiriwa. Yanayofuata sijui namna ya kuyasimulia kwa furaha. Nimejaribu mara mbili nikachana karatasi.

Nina binti, Zawena. Ana miaka mitatu na nusu. Ni msemaji, asubuhi huanza kuongea kabla hajafumbua macho, huwasimulia kuku, huuliza maswali na kujijibu. Jumatano moja mama yake alinipigia simu ofisini, akasema mtoto hawezi kuinamisha kichwa.

Nilifika zahanati nikiwa nimembeba, anaungua, mama yake nyuma yangu. Muuguzi Generosa ni jirani yetu; ndiye aliyemzalisha mama Zawena. Akamshika shingo mara moja, akajua. Akafungua kabati akatoa chupa.

"Robo," nikasema.

"Robo ya nini, Baba Zawena?"

"Robo chupa. Mara moja kwa siku. Huyu hajafika miaka mitano."

Akageuka akaangalia fremu ukutani, akaisoma kwa kidole. "Hapa sioni robo."

"Ilikuwepo. Waliikata."

"Nani aliyeandika hiyo robo?"

"Daktari Mlowe."

"Ana nukuu ngapi?"

Sikuhitaji kumpigia mtu simu. Mimi ndiye ninayehesabu. "Hana hata moja," nikasema.

Akaweka chupa chini. Akasogea karibu, akapunguza sauti. "Nisikilize. Mwenzangu wa hapa alitoa robo mwezi wa tatu, alisikia tu kwa watu. Mtoto alipona, anasikia, anaimba. Mwenzangu wamemfunga. Baba Zawena, mimi nina wanne nyumbani."

"Nipe chupa nimpime mwenyewe."

"Sindano inachomwa hapa, mbele ya fremu, na mkaguzi anahesabu chupa tupu. Ninaweza kumpa yote, au nisimpe kabisa. Ukiondoka naye hivi, mpaka jioni..." Akamtazama mtoto.

Nikafikiri kumkimbilia Daktari Mlowe. Hana dawa, walichukua hata kipimo chake cha mapafu. Nikafikiri kurudi ofisini. Kule kwenye makabati yetu kuna barua mia moja na arobaini zinazosema robo, kila moja ina muhuri wangu. Moja kati ya hizo iliandikiwa zahanati hii hii, kwa jina la Muuguzi Generosa. Hakuwahi kuiona. Nilisimama pale na mtoto mikononi, mama yake amenishika shati kwa nyuma, anasema, "Wewe si unafanya kazi huko? Si uwaambie?" Niliona aibu ambayo sina neno lake.

Muuguzi akaniletea fomu. Ilisema: *Mimi mzazi nimekubali mtoto wangu atibiwe kwa kufuata Waziri na wenzake.* Nikasaini. Mkono umezoea.

Ile fomu ilikuja dirishani kwangu kesho yake, ndani ya rundo. Ilikuwa nukuu halali. Nikaihesabu.

* * *

Alichomwa sindano ishirini. Shingo ililegea siku ya tatu, homa ikashuka siku ya nne, na majirani wakaja na maziwa kutupongeza. Siku ya kumi na mbili nilirudi kutoka kazini nikamkuta uani, amenipa mgongo, anaongea na kuku. Nikamwita. Akaendelea kuongea. Nikamwita tena, kwa sauti kubwa, mpaka kuku wote wakainua vichwa wakanitazama. Yeye hakugeuka.

Nilimpeleka ile nyumba ya karibu na kiwanda cha magodoro. Daktari Mlowe alikuwa ameketi kwenye mkeka, watoto kama kumi na watano wamemzunguka, hakuna kelele. Alinitambua. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba msamaha, marefu, nimeyapanga njiani, nikafungua mdomo nikasema tu, "Daktari, ni mimi wa dirisha namba nne."

"Nakujua," akasema. "Sindano ya mwisho lini?"

"Juzi."

Akamchukua Zawena, akamgeuza huku na huku, akafanya vipimo vyake bila haraka. Alipomaliza hakunificha. Alisema sikio la kulia limekwisha, la kushoto limebaki na kidogo, na hicho kidogo hakitakaa. Alisema maneno aliyonayo Zawena sasa tunaweza kuyaokoa mengi, kama tutaanza leo, maana mtoto anasahau haraka asichokisikia.

"Nifanye nini?" nikamuuliza. "Niambie, Daktari, nitafanya. Nitaiba zile barua. Nitasimama sokoni nizisome."

"Hayo baadaye," akasema. "Kwanza acha kumwita kwa nyuma. Kaa hapa mbele yake. Karibu zaidi. Mwanga uwe usoni mwako, sio mwake. Sasa sema neno moja, polepole, umuache aone."

Nikakaa kwenye mkeka mbele ya binti yangu. Nikasema jina lake. Alikuwa akiangalia macho yangu, kama anavyofanya siku zote, akisubiri nianze kuongea. Daktari akanyoosha kidole, akamshusha kidevu taratibu, mpaka macho ya mtoto yakafika mdomoni kwangu.

"Tena," akasema Daktari.

Nikasema tena.